Siku Iko na Geti

Kuna ugonjwa imeshika Kanairo na hakuna duka ya dawa inaitibu: kila mtu ako bize. Pigia msee simu, "Niko mbioni buda, nikucheki baadaye." Mtext WhatsApp, tiki mbili za bluu, kimya. Jioni mnapatana base, unamuuliza leo amechanuka na nini, anaanza kujikuna kichwa. Aliamka chee, akazunguka tao, akajibu grupu ya chama, ya mazishi, ya harusi, ya ploti na ile ya maboyz wa primo, akaenda mtaa wa pili kuona msee na hakumpata, na sai mgongo inamuuma ka ya msee wa mjengo. Kitu amemaliza? Zii. Kesho anarudia form hiyo hiyo, na bado anaiita hustle.

Kwetu kuchoka ndio risiti. Ukisema jana ulilala masaa nane, watu wanakucheki ka mtoto wa mbunge. Lakini ukisema hujalala tangu Jumanne unapewa heshima, hata ka hizo siku zote ulikuwa unahamisha mafaili kutoka folda moja kuingia ingine.

Hii stori naipigia mbali kidogo na hizo kelele, huku Gisenyi, tao ya Rubavu, magharibi ya Rwanda, pale Ziwa Kivu inafika mpaka wa Goma ya Kongo. Usiniskie vibaya. Huku pia kuna wavivu, kuna wasee wa kupiga stori kutwa kando ya barabara, kuna mayut wanashinda TikTok mpaka bando inawaombea msamaha. Kitu imenivuta ni moja: huku siku iko na geti. Geti ya ukweli, iko na askari na foleni, na ikifungwa imefungwa.

Lakini kwanza kuna zawadi. Ukitoka Nairobi na basi ukavuka Uganda ukaingia Rwanda, saa yako inarudi nyuma lisaa limoja, ju Rwanda inafuata majira ya Afrika ya Kati na sisi tuko Afrika Mashariki. Masaa zenyewe wanahesabu ka sisi. Saa tatu ya asubuhi kwa Kinyarwanda ni saa tatu, jina lile lile. Sasa fikiria: dakika 60 za bure, hakuna mtu anakudai. Ukiangalia ndani ya basi utaona zinaenda wapi. Vidole vinapanda na kushuka kwa fon, na kabla milima ya Musanze itokee kwa dirisha, zawadi imeliwa. Hiyo inanionyesha shida yetu si masaa machache. Ongezea msee wa Kanairo masaa mawili kwa siku na atajiunga na grupu mbili zaidi.

Turudi kwa geti. Gisenyi na Goma ni mtaa mmoja umekatwa na laini ya mkoloni. Kuna njia mbili kubwa za kuvuka: Grande Barrière pale chini kando ya ziwa, na Petite Barrière huku juu, ya wasee wa miguu. Hii ya miguu isikudanganye na jina lake. Kabla ya corona ilikuwa inavusha makumi ya maelfu ya watu kila siku, na ilikuwa inahesabiwa kati ya mipaka zenye msongamano zaidi Afrika. Asubuhi ni mafuriko ya watu: mamathe na nyanya kwa kichwa, vitunguu, karoti, kabichi, jagi za maziwa, mtoto mgongoni, kikaratasi cha kuvukia mkononi. Goma inakula shamba za huku. Udongo ya volkano na mvua ya hizi milima zinafanya kazi yao, halafu hao mamathe wanamalizia.

Zamani Petite Barrière ilikuwa inafungwa saa kumi na mbili jioni. Halafu 17 Juni 2022, askari wa Kongo akavuka huku akipiga risasi, akauawa upande wa Rwanda, na mambo ikachemka. Upande wa Kongo ukaanza kufunga saa tisa mchana. Masaa tatu zikapigwa kalamu hivyo tu, bila kuuliza mtu.

Piga hesabu na mimi. Wewe ni mathe wa nyanya wa wakati huo. Mtaji ni ule ule, watoto ni wale wale, karo ni ile ile. Lakini siku imekatwa mkia. Mbio haisaidii, foleni haijali ka uko na kasi. Ka ulikuwa unavuka mara tatu, lazima sasa ujiulize kitu hujawahi kujiuliza: katika hizi safari zangu, ni gani ndio inaniwekea doo na ni gani ilikuwa ya kuzoea tu? Labda ya kwanza, ile ya chee, ndio ilikuwa inabeba nyumba yote. Ya pili ilikuwa inarudisha mtaji. Ya tatu ulikuwa unaenda ju wenzako wanaenda. Siku ikiwa refu hauoni hii. Siku ikifupishwa inakurukia kwa macho.

Na ndio hapo mimi nashikilia, hata ka utanipinga. Kuwa mchapa kazi wa maana ni kujua safari gani inalipa. Hiyo ingine yote, kalenda za rangi, programu za kupanga kazi, video za msee Marekani anaamka saa kumi ya usiku aoge maji ya barafu, ni mapambo.

Kuna mzungu alishaichora hii kitambo. Anaitwa Cyril Northcote Parkinson, mwanahistoria alikuwa anafunza Singapore, na Novemba 1955 akaandikia gazeti la The Economist makala ya kuchekesha. Alisema kazi hutanuka mpaka ijaze muda yote umeipea. Mfano wake ni shosho mmoja hana shughuli, anataka kutumia mpwa wake postikadi. Anatafuta kadi lisaa, anatafuta miwani lisaa ingine, anasaka anwani, anaandika, halafu anakaa akijiuliza ka abebe mwavuli ndio afike kwa sanduku ya posta. Jioni imefika na amechoka kabisa. Msee mwenye ako na kazi nyingi angeimaliza kwa dakika tatu. Parkinson alikuwa anachokoza wafanyakazi wa serikali ya Uingereza, lakini ukiniuliza, huyo shosho sai anaishi Pipeline, ako na laptop, na asubuhi yote amekuwa akichagua fonti ya CV.

Sasa usidhani naimba sifa za kufungiwa geti. Hapa lazima tubonge ukweli. Kikomo chenye umejiwekea na kikomo chenye umebamizwa nacho si ndugu. Machi 2020 corona ilifunga huu mpaka, na mtu alikuwa anakula kutokana na kile amevusha leo hakuwa na la kupanga. Hauwezi panga masaa yako ukiwa na njaa. Biashara iliporudi polepole, wauzaji wadogo waliambiwa wajikusanye kwa magrupu, mizigo ipakiwe kwa lori, wachache wavuke kwa niaba ya wengine. Kwa karatasi, hii ni werevu tupu: lori moja badala ya vichwa hamsini, safari moja badala ya foleni ya nusu siku, na mwenye hajavuka anabaki na asubuhi yake nzima. Wengine walichanuka na hiyo form kweli, wakajua kununua pamoja kunashusha bei.

Lakini kuna wasee walikuwa wanaishi na zile safari zenyewe. Wale walemavu wa baiskeli za magurudumu matatu, zile kubwa za kusukumwa na mikono, wanabeba magunia yanazidi mwili yao mara kadhaa. Hiyo kazi iko na historia ndefu hapa. Tangu enzi za Mobutu walikuwa wanapunguziwa ushuru upande wa Kongo, na ndio wakawa wabebaji wa kuaminika wa huu mpaka. Lori ikija, lori haihitaji baiskeli. Kile mmoja anaita kuokoa muda, mwingine anaona kazi yake ikiokolewa kutoka mkononi mwake. Ukiskia mtu anasifu ufanisi, muulize ni muda wa nani umeokolewa na nani amelipa.

Tushuke ziwani, ju hapo ndio kuna somo yangu ya roho.

Jioni, enda upande wa Rubona, kule Nyamyumba kuna kiwanda ya bia ya Bralirwa. Jua likizama, wavuvi wanatoka. Hawatoki mmoja mmoja. Mitumbwi mitatu inashikanishwa na miti mirefu, inakuwa chombo kimoja kipana, mbele na nyuma miti imechomoka ka pembe, na vijana wanapiga kasia wakiimba na kupiga miluzi. Watalii wanapiga picha wakidhani ni shoo yao. Zii. Wimbo ndio unapanga mkono. Bila wimbo huyu anavuta mbele na yule amechelewa, mitumbwi inavutana, nguvu inaisha bure. Wako wengi, wako na taimu moja, na hakuna mkutano imeitwa kujadili hiyo taimu.

Kitu wanasaka ni isambaza, samaki wadogo wa fedha. Kwa taarifa yako hawa samaki si wenyeji. Walitolewa Ziwa Tanganyika wakamwagwa Kivu mwaka 1959, wakakubali mazingira, na kazi ya watu wengi ikazaliwa hapo. Leo kukula Gisenyi bila sambaza ya kukaangwa, ndimu juu na pilipili kando, ni ka kufika Mombasa na usione bahari.

Cheki vile wanafanya. Wanafika mahali, wanawasha taa juu ya maji. Sambaza wanafuata mwanga. Nyavu iko chini. Halafu wanangoja. Msee wa Kanairo hapo angeshtuka: "Mbona mmekaa? Si tuongeze bidii?" Lakini kungoja ndio kazi yenyewe. Ukivuta nyavu mapema ndio uonekane unafanya kitu, umepata maji. Ukichelewa, samaki wametawanyika. Kwa hivyo wanakaa, wanapiga stori chini chini, mmoja anazima na kitambaa ya kichwa machoni, halafu wakati ukifika wote wanaamka na misuli inaingia kazini. Usiku mzima ni hivyo, kukaa na kulipuka, kukaa na kulipuka.

Halafu kuna mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote limewaka, na taa yako ndogo haina maana tena. Samaki hawana sababu ya kukufuata wewe. Hizo siku wavuvi wanabaki nchi kavu. Nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa, watu wanalala na familia zao ka binadamu wa kawaida. Na kila mwaka kuna miezi kama miwili gava inafunga uvuvi wa sambaza kabisa, ndio wazaane. Hakuna mtu anawaita wavivu. Wamejua usiku gani unalipa.

Niambie sasa, ungekuwa wewe? Najua ungetoka na mwezi mpevu. Ungepiga picha ukiwa ndani ya mtumbwi, uandike chini yake kwamba hakuna kulala, urudi asubuhi na ndoo tupu, macho mekundu, na likes kibao. Siku taa inafaa kweli, unakuwa umezima kejani ju ya uchovu wa jana.

Wasee wengi wa kazi ya kichwa, wale wa kuandika, kudizaini, kuedit video, kusoma mitihani, wako na mwezi wao na giza yao. Kuna masaa kichwa inavuta na kuna masaa inakataa. Wengine ni asubuhi kabla mtaa uamke, wengine ni usiku. Ujinga ni kutumia yale masaa ya kuvuta kujibu meseji na kulipa tokeni za stima, halafu uanze ile kazi ngumu saa nane mchana na tumbo imejaa githeri. Meseji ni kushona nyavu. Fanya mwezi ukiwa juu.

Gava ya huku nayo inapenda kupanga masaa ya watu, na hapo sijui ka nisifu ama ninyamaze. Tangu Januari 2023 kazi rasmi inaanza saa tatu asubuhi na kuisha saa kumi na moja jioni, na shule zinaanza saa mbili na nusu. Uamuzi ulitoka kwa baraza la mawaziri Novemba 2022, na hoja ilikuwa elimu bora na ustawi wa familia. Kati ya saa mbili na saa tatu kuna lisaa la kulegeza, mtu anaweza chapa kazi akiwa popote. Sisi kwetu mtoto wa chekechea anaokotwa na basi ya shule kukiwa giza, amelala kwa kiti, mdomo wazi. Huku wakaamua mtoto alale. Ni vile tu hiyo saa tatu haimhusu mathe wa nyanya. Yeye amekuwa barabarani tangu jogoo, ju geti haikusoma hiyo barua.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi kuna umuganda. Saa mbili mpaka saa tano asubuhi maduka yamefungwa, barabara tupu, watu wa miaka 18 hadi 65 wako nje na majembe, wanafyeka, wanazibua mitaro, wanachimba msingi wa nyumba ya jirani hana uwezo. Masaa tatu pekee, na mtaro ukizibuka kila mtu anauona. Halafu kuna mkutano, na mikutano ni mikutano duniani kote.

Sherehe pia iko na geti. Kuanzia 1 Septemba 2023, baa na klabu zikawa zinafunga saa saba usiku siku za kazi, saa nane Ijumaa na Jumamosi. Mlevi wa Westlands, mwenye huanza kujitayarisha saa tano, angeona hii ni dhuluma. Lakini matokeo si mabaya vile unadhani: watu wanaanza kudunda mapema. Saa mbili usiku ufukwe wa Gisenyi umechangamka, brochette ziko kwa moto, na kuna uwezekano mkubwa wa kuamka kesho ukijua jina lako.

Kitu kingine utaskia huku ni imihigo. Ni ahadi za utendaji. Tangu 2006 mameya wa wilaya wanaweka sahihi mbele ya rais: mwaka huu tutajenga kilomita kadhaa za barabara, familia kadhaa zitapata maji, na mwisho wa mwaka wanapimwa na kupangwa nani wa kwanza nani wa mkia. Ilishuka mpaka kwa kaya. Familia inaandika itafanya nini mwaka huu. Napenda sehemu moja ya hii form: ahadi ni ya kitu kimeisha. Huandiki "nitajitahidi na choo." Unaandika choo kitakuwa kimesimama. Sisi orodha zetu za kazi zimejaa "kufuatilia," "kuangalia," "kushughulikia," maneno hayana mlango wa kutokea. Utafuatilia mpaka uzeeke. Andika: "Nimetuma bei kwa mteja wa viatu." Hiyo iko na mwisho. Imetumwa ama haijatumwa.

Upande wa pili sitauficha. Ukipima watu na namba, watu watakupea namba. Mkubwa akitaka kuona asilimia 100, mtu wa chini atatafuta asilimia 100, hata ka kwa ukweli bomba imefika lakini maji haijafika. Na sisi pia tunajifanyia hivyo. Msee anahesabu vitabu amesoma mwaka huu na hawezi kukusimulia kimoja. Mwingine anahesabu hatua kwa saa ya mkononi, anazunguka sebule saa sita usiku ndio ifike elfu kumi. Namba ni ya kukuchunga usijidanganye, na ikianza kukusaidia kujidanganya, itupe.

Halafu kuna hili jambo la nani anaosha sufuria. Vitabu vingi vya kupanga muda viliandikwa na wanaume wenye kuna mtu alikuwa anawapikia wakiandika. Yule mathe wa Petite Barrière akirudi na pesa yake, siku yake haijaisha. Kuna kuni ama makaa, kuna maji, kuna mtoto wa kuogesha, kuna mzee nyumbani anauliza chakula iko wapi. Ukimwambia achague kitu moja ya maana kila siku, atakucheka kwa Kinyarwanda na Kiswahili cha Goma. Yeye ni bize ya ukweli. Kitu inaweza mpunguzia kazi ni bwana yake ashike ufagio, na hakuna programu ya simu inafanya hivyo. Kwa hivyo maboyz, kabla uposti kuhusu nidhamu ya asubuhi, uliza nani alichemsha hiyo maji ya kuoga.

Na simu? Najua mlikuwa mnangoja niitukane. Sitaitukana sana, ju huku imeokoa watu masaa mengi. Rwanda iko na Irembo tangu 2015, jukwaa ya huduma za serikali: cheti cha kuzaliwa, kujiandikisha kwa mtihani wa udereva, vitu ka hivyo, unaomba na kulipa kwa fon ama kwa ajenti wa mtaa. Ilikuwa ni kupanga foleni asubuhi nzima kwa ofisi, uambiwe mwenye muhuri ameenda chai. Sai dakika chache umemaliza. Swali langu ni lile la basi: yale masaa ya foleni yameenda wapi? Ka yangekuwa yanawekwa akiba, kila msee wa Rubavu na wa Nairobi angekuwa profesa. Teknolojia inakurudishia muda kwa mkono wa kulia na inauchukua na wa kushoto, kwa skrini ile ile.

Kitu nimeona inasaidia wasee wa kazi zisizo na geti ni kujijengea ya bandia, lakini yenye iko na shahidi. Ukijiambia utamaliza saa kumi, utajisamehe saa kumi na dakika moja. Lakini mwambie mteja, "Logo nakuletea saa kumi, nikichelewa napunguza bei," na utashangaa vile saa tano hadi saa tisa zitakuwa na nguvu. Ama panga kuogelea na mbogi saa kumi na moja pale ufukweni, na ni wewe uko na mpira. Watu wakikungoja, saa inakuwa na meno. Ndio maana ikimina, zile chama za kuweka doo huku, zinafanya kazi: si ati wasee wanapenda kuweka akiba, ni vile Jumapili jina lako litasomwa mbele ya majirani.

Na ukimaliza mapema, tafadhali, maliza. Usijaze. Hapo ndio wengi tunaanguka: kazi imeisha saa nane, badala ya kuachilia tunatafuta kazi ndogo ndogo ndio tusionekane tumekaa. Gisenyi iko na ziwa halina kiboko wala mamba, iko na maji ya moto yanatoka ardhini kule Nyamyumba, watu wanaloweka miguu na kupiga umbea. Hakuna mtu hapo anatoa ripoti.

Lakini kuna geti moja huwezi jijengea peke yako, na ni ile ya mdosi. Ufaransa iliweka kwa sheria tangu 1 Januari 2017: kampuni kubwa lazima zipatane na wafanyakazi kuhusu haki ya kuzima simu baada ya kazi. Kenya, Seneta Samson Cherarkey alileta muswada 2022, mdosi akikusumbua nje ya masaa ya kazi faini inaweza fika shilingi 500,000. Waajiri, kupitia chama chao cha FKE, wakaupinga, na bado mdosi wako anakutumia voisi noti saa nne usiku, dakika sita, anaanza na "samahani kukusumbua." Hapo mimi sina maujanja ya kukupea. Hiyo ni ya kubonga na wafanyakazi wenzako, mkiwa wengi, mchana, na mkiwa bado kwa masaa ya kampuni.